Saa Moja na Dakika 39: Ndege Ipi, Siku Gani?

Samahanini wasomaji wangu kwa ukimya wa wiki mbili. Kazi zilinibana. Leo nimerudi na hasira, tena hasira za zamani kidogo, zilizoamshwa juzi na jambo dogo tu.

Tulikuwa kijiweni tunapiga soga, kahawa na kashata mkononi. Mshikaji mmoja, msomi mzuri tu, akaanza kusifu jinsi Bongo ilivyokuwa ndogo siku hizi. Kila mkoa uwanja wa ndege, kila uwanja unakarabatiwa. "Mtu anatoka Songea anakwenda Kigoma kwa saa moja na nusu," akasema. Tulipombishia akatoa simu, akaandika majina ya viwanja viwili, na simu ikajibu: kilomita 916, muda wa kuruka saa 1 na dakika 39. Akaizungusha simu ile kila mtu aone, kama wakili anayeonyesha kielelezo mahakamani. Watu wakatikisa vichwa, wakakubali.

Mimi sikubishana. Nilimalizia kahawa yangu, nikaaga. Ile namba naijua. Tulishakutana.

Ngoja niwape mkasa.

Mwaka 2022 nilikuwa Kigoma kikazi, nikifuatilia habari za kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kasulu. Nilikuwa nimesharudi mjini, nimeoga, najiandaa kulala. Jumanne, saa mbili usiku, simu ikaita. Mjomba wangu, kutoka Songea.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Umekaa?"

Mtu akikuuliza kama umekaa, unajua. Bibi, mama yake mama, alikuwa ametutoka jioni ile. Yule bibi ndiye aliyenilea kuanzia darasa la kwanza mpaka la nne, wakati wazazi wangu wanahangaika na maisha Dar. Sitaandika mengi kuhusu yeye hapa. Itoshe kusema kwamba kama kuna kaburi moja duniani nililopaswa kutupia udongo kwa mkono wangu mwenyewe, ni lile.

Mjomba akasema, "Tumekubaliana tuzike Alhamisi, saa tisa alasiri. Tumekupa siku nzima. Kijana wangu ameangalia kwenye simu hapa, anasema toka huko mpaka hapa ndege ni saa moja na dakika 39. Hata ukichelewa ndege ya asubuhi, Jumatano jioni si utakuwa umefika?"

Sikuwa na moyo wa kumwambia hapana. Nilimwambia, "Nitafika mjomba." Nikakata simu, nikaanza kuhesabu.

Jumatano saa nne asubuhi nikatoka nyumba ya wageni kwenda uwanjani. Saa saba mchana ndege ikaruka. Saa tisa alasiri nikawa Dar es Salaam. Pale nikaambiwa kwamba ndege ya Songea hairuki kila siku, na inayofuata ni Ijumaa. Mabasi ya Songea? Mwaka ule mabasi ya mikoani yalikuwa bado yamekatazwa kusafiri usiku kucha. Ya Songea yalishaondoka tangu alfajiri. Nikalala kwa dada yangu, kama ule unaweza kuitwa usingizi. Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi basi letu likatoka kituo cha Magufuli pale Mbezi. Saa tisa alasiri, wakati ndugu zangu wanashusha jeneza, mimi nilikuwa dirishani tunaikaribia Mafinga. Binamu yangu alinipigia na kuacha simu wazi ili nisikie wimbo. Mtandao ukakatika katikati. Saa tatu usiku nikafika Songea.

Ijumaa asubuhi nikapelekwa kuonyeshwa kaburi. Udongo ulikuwa bado mbichi, na mashada ya maua yameanza kulala. Mjomba alisimama kando yangu kimya, kisha akaniuliza swali ambalo mpaka leo linaniwasha: "Mjomba, kwani simu ilitudanganya?"

Sasa naomba mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo watu wengi watakosea. Hakuna aliyenikosea. Ndege niliyopanda iliondoka kwa wakati. Haikupata hitilafu. Hakuna mhudumu aliyenijibu vibaya, hakuna mzigo wangu uliopotea. Basi halikupata pancha, dereva hakuwa mlevi. Kila kitu kilifanya kazi kama kilivyopangwa. Saa tatu kabla ya kuruka, saa mbili hewani, saa 15 za kusubiri Dar, saa 15 za basi. Jumla saa 35. Ukizigawa zile kilomita 916 kwa saa 35 unapata kilomita 26 kwa saa. Hiyo ni kasi ya mwendesha baiskeli mwenye mapaja mazuri. Na huo ndio mfumo UKIFANYA KAZI! Je, ukiharibika?

Ndiyo maana nakasirika. Ajali unaweza kuisamehe. Mpango ni kitu kingine.

Turudi kwenye swali la mjomba. Simu ilidanganya?

Ile namba inapatikana hivi. Kila uwanja wa ndege una anwani yake kwenye uso wa dunia, yaani latitudo na longitudo. Songea iko kama nyuzi 10.7 kusini ya Ikweta, Kigoma kama nyuzi 4.9. Kompyuta inachukua anwani hizo mbili, inachukulia kwamba dunia ni mpira wenye nusu kipenyo cha kilomita 6,371, kisha inapiga hesabu ya njia fupi kuliko zote juu ya mgongo wa mpira huo. Inapata 916. Hesabu hiyo haina kosa, hata mimi nimeirudia kwa kikokotoo. Halafu inakuja hatua ya pili. Inagawa kilomita hizo kwa kasi ya ndege kubwa ya jeti, tuseme 800 kwa saa, inaongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Saa 1 na dakika 39. Basi, imemaliza kazi.

Umeona kilichokosekana? Hakuna mahali popote katika hesabu ile kompyuta ilipouliza: NDEGE IPI? SIKU GANI? Haikufungua ratiba. Haikuuliza kama kuna rubani hata mmoja duniani aliyewahi kupangiwa safari hiyo. Unaweza kuandika uwanja wa Songea na barafu ya ncha ya kusini, nayo itakupa saa na dakika bila kupepesa macho. Ni jibu sahihi la swali ambalo hakuna mtu aliyeuliza. Mjomba hakuuliza ndege ya kufikirika ingechukua muda gani. Aliuliza mjukuu wa marehemu atafika lini.

Kwa hiyo simu haikudanganya. Tunaodanganya ni sisi, tunaoichukua namba ile na kuitumia kama sifa ya nchi. Na hapa simwongelei mshikaji wangu wa kijiweni peke yake. Nazungumzia hotuba. Nimeshakaa kwenye sherehe za viwanja vya ndege, daftari mkononi, nikaandika maneno yale yale: mkoa umefunguka, umbali umekuwa historia, mwananchi sasa anafika popote kwa muda mfupi. Umefunguka kwenda wapi? Ukiuliza vizuri utakuta jibu ni moja: kwenda Dar.

Chukua ramani, twende pamoja. Mtu wa Kigoma anayekwenda Songea anapaswa kuelekea kusini-mashariki. Njia iliyonyooka ingempitisha karibu na Ziwa Rukwa. Badala yake anarushwa mashariki, anaikata nchi nzima mpaka inapoishia na bahari kuanza, kilomita 1,077. Pale anashuka, anasubiri, kisha anarudishwa kusini-magharibi kilomita 581. Jumla kilomita 1,658, ambazo ni 742 zaidi ya zile za kwenye simu. Ni kama mtu wa Mwenge anayekwenda Ubungo kupitia Kigamboni. Ukimwona jirani yako anafanya hivyo utamshauri akapimwe akili. Nchi ikifanya hivyo tunaita mtandao wa usafiri.

Na umbo hilo silo geni. Mjerumani alianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, akaifikisha Kigoma mwaka 1914. Hakuijenga ili mtu wa Kigoma amsalimie shemeji yake wa Songea. Aliijenga ili mali ya bara ishuke pwani, ipande meli, iondoke. Kwa kazi hiyo umbo lile lilikuwa na mantiki, mistari yote inaelekea bandarini. Namwelewa Mjerumani, alikuwa mwizi mwenye mpango. Reli nayo ni chuma kilicholazwa ardhini, huwezi kuikunja kesho.

Lakini ndege? Ndege haina reli! Hiyo ndiyo sifa yake kubwa kuliko zote. Angani hakuna mlima wa kuchimba wala mto wa kuwekea daraja. Kutoka uwanja wowote unaweza kwenda uwanja wowote wenye uwezo wa kuipokea. Tumenunua chombo ambacho hakihitaji reli, kisha tukakilazimisha kitembee juu ya reli ya mwaka 1914.

Najua baadhi yenu mmeshaanza kuandika majibu. "Mwandishi, wewe una uchungu wa msiba, lakini biashara ni biashara. Nani anasafiri Songea kwenda Kigoma? Hakuna abiria!" Haya, tuzungumze biashara.

Kwanza, unajuaje kwamba hakuna abiria? Mimi siku ile, kama ndege ya Songea ingekuwepo, ningekata tiketi ya Kigoma kwenda Dar, kisha nyingine ya Dar kwenda Songea. Kwenye vitabu ningeonekana kama abiria wawili wa Dar. Safari yangu halisi isingeandikwa popote. Mwalimu wa Ruvuma aliyepangiwa kazi Kasulu, naye akirudi likizo ni abiria wa Dar. Kijana wa Mbinga aliyepelekwa JKT Bulombora, mke wa askari aliyehamishwa, mfanyabiashara wa dagaa na mawese, wote hao wakifika kaunta wanageuka kuwa watu wa Dar. Halafu mtu anafungua takwimu anasema, mnaona, kila mtu anataka kwenda Dar! Huo ni usanii. Umebomoa madaraja yote ukabakiza moja, sasa unatuambia wananchi wanalipenda sana daraja hilo.

Na wengi zaidi hawaonekani kabisa, kwa sababu wamepanda basi kwa njia ya Makambako, Mbeya, Tunduma, Sumbawanga na Mpanda. Hizo ni zaidi ya kilomita 1,200 za barabara. Hao hawamo katika takwimu za anga kwa sababu hakuna aliyewapa anga.

Pili, kuna watu wengine nchi hii ambao tatizo hili kwao lilishatatuliwa zamani. Watalii. Mtalii akimaliza kuangalia simba wa Ruaha na akitaka kuona viboko wa Katavi, kisha sokwe wa Mahale, msimu wa utalii kuna ndege ndogo za kumpitisha huko huko, hifadhi kwa hifadhi, bila kuiona Dar. Mahale iko wapi? Kando ya Ziwa Tanganyika, mkoa huo huo wa Kigoma! Viwanja vyenyewe ni vya udongo na nyasi. Sina ugomvi na watalii, wanaleta fedha za kigeni, na wenye ndege hizo wanafanya kazi nzuri. Ninachosema ni kwamba wataalamu wa kuunganisha sehemu mbili za mbali tunao, marubani tunao, hesabu zake zinajulikana. Asiyekuwepo kwenye hesabu hizo ni mwenye nchi.

Tatu, na hapa nawapa haki yao wanaobisha: hasara. Ni kweli. Ripoti ya CAG ilionyesha kwamba ATCL ilipata hasara ya shilingi bilioni 56.64 mwaka wa fedha 2022/23, na mwaka uliofuata ikawa bilioni 91.8. Hizo ni kodi zetu. Mtu akiniambia tuongeze safari ya kila siku kati ya Songea na Kigoma, ndege yenye viti 76 ibebe watu kumi na mizigo ya samaki, nitakuwa wa kwanza kumpinga. Siombi hivyo.

Ila hebu tulitazame hilo neno hasara vizuri. Bilioni zote hizo zilipatikana wakati safari ya Songea na Kigoma haikuwepo. Si shangazi wa Kigoma aliyelifilisi shirika. Tangu mwaka 2016 tumenunua Q400, Airbus A220, Boeing 787, Boeing 737 MAX na ndege ya mizigo. Tumekwenda mpaka Guangzhou na Mumbai. Kama ndege ya kwenda Guangzhou inaitwa uwekezaji, kwa nini ndege ya kwenda Songea iitwe mzigo?

Sasa nije kwenye kilichoninyima usingizi wiki hii.

Nilirudi nyumbani kutoka kijiweni nikafungua ramani na kikokotoo. Nikajiuliza, kama ndege ya moja kwa moja haina abiria wa kutosha, je, kuna mahali pa kati ambapo inaweza kutua ikachukua watu wengine? Nikajaribu Songwe, ule uwanja wa Mbeya uliofunguliwa mwishoni mwa mwaka 2012, wenye njia ya kurukia ya zaidi ya kilomita tatu. Songea kwenda Songwe, kilomita 320. Songwe kwenda Kigoma, kilomita 599. Jumla kilomita 919, na ukizihesabu desimali unafika 920.

Soma tena. Njia iliyonyooka ni 916. Kupitia Mbeya ni 920. Tofauti ni kilomita NNE. Kupitia Dar tofauti ni kilomita 742.

Nilipiga hesabu ile mara tatu nikidhani nimekosea. Sikukosea. Mbeya, moja ya miji mikubwa kabisa ya nchi hii, yenye uwanja mkubwa, imekaa karibu juu ya mstari unaoziunganisha Songea na Kigoma. Ndege ya Q400 ikitoka Songea ikatua Mbeya, ikashusha na kupakia, ikaendelea Kigoma, kiti kimoja kinauzwa mara mbili: mtu wa Songea na Mbeya, mtu wa Mbeya na Kigoma. Na mjukuu wa marehemu anabaki ndani, anakunywa maji yake, anafika. Mara moja au mbili kwa wiki, siku zile zile, mwaka mzima, ili watu wazijue na wapange maisha yao. Hesabu hii imefanywa na mwandishi wa habari aliyepata D ya hisabati kidato cha nne. Je, wenye ofisi na kompyuta?

Zaidi ya hapo, hata ndege mpya haihitajiki ili kupunguza nusu ya maumivu. Panga ratiba zikutane. Kama ndege ya Kigoma inatua Dar saa tisa alasiri, basi siku mbili au tatu kwa wiki ya Songea na ya Mtwara zisubiri mpaka saa kumi. Uza tiketi moja, mzigo mmoja, bei moja. Najua kuna kikwazo cha kweli: viwanja vingi vya mikoani kwa miaka mingi vimekuwa vya mchana tu kwa kukosa taa, kwa hiyo ndege ya alasiri haina pa kwenda jua likizama. Vizuri. Basi ukinialika kwenye sherehe za uwanja, kabla hujanionyesha jengo la abiria lenye vioo, nionyeshe taa. Vioo havitui ndege.

Wenzetu wamefanyaje? Norwei ina wilaya za kaskazini kabisa, baridi kali, vijiji vya wavuvi, miji ambayo ingetosha kwenye kata moja ya Temeke. Huko kuna ndege za Dash 8, ukoo ule ule wa Q400 zetu, zinazokwenda kama daladala: zinatua mji huu, zinashusha wawili, zinapakia watatu, zinaruka dakika ishirini, zinatua tena. Serikali hutangaza zabuni kwa njia hizo, shirika linaloshinda linalazimika kuruka idadi fulani ya safari, na pengo la fedha linajazwa kwa mkataba ulio wazi. Marekani, baba wa biashara huria, ilipoondoa udhibiti wa mashirika ya ndege mwaka 1978, iliweka papo hapo mpango wa ruzuku ili miji midogo isiachwe. Hawakufanya hivyo kwa huruma. Walijua kwamba ukiiacha biashara peke yake, ndege zote zitakwenda pale zilipokwenda jana.

Sisi tunazo hasara bila mkataba. Wao wanalipia huduma wanayoijua. Hiyo ndiyo tofauti.

Kabla sijamaliza, kuna jambo moja linalonichekesha na kuniuma kwa pamoja. Mwaka 2023 Serikali iliruhusu mabasi kusafiri usiku na mchana. Hakuna kiwanja kilichojengwa, hakuna ndege iliyonunuliwa. Katazo lilifutwa, basi. Sasa rudia safari yangu. Natua Dar Jumatano saa tisa alasiri. Jioni ile ile napanda basi la usiku. Alhamisi asubuhi niko Songea. Saa tisa alasiri nimesimama kando ya kaburi, na udongo uko mkononi mwangu.

Uamuzi mmoja wa karatasi ulisogeza Kigoma na Songea karibu kwa nusu siku nzima, jambo ambalo ndege zetu zote hazijalifanya. Hilo linatuambia kwamba umbali katika nchi hii haupimwi kwa kilomita. Unapimwa kwa maamuzi. Na maamuzi yana watu wanaoyafanya, wenye majina, ofisi na mishahara. Ndiyo maana sikubali kuambiwa kwamba mikoa ile "iko mbali." Kilomita 916 si mbali. Imewekwa mbali.

Kwa hiyo nina mambo matatu tu ya kudai, na nayaandika hapa ili asije mtu akasema vijana wanalalamika bila hoja.

La kwanza, kila uwanja unapozinduliwa, tuambiwe saa, si kilomita: mtu akitoka hapa leo anafika Kigoma lini, Mtwara lini, Bukoba lini, kuanzia mlangoni kwake mpaka mlangoni kwa mwenzake, kusubiri kukiwemo. Ibandikwe ukutani hapo hapo uwanjani, chini ya jiwe la msingi.

La pili, ratiba za Dar zipangwe zikutane, kwa tiketi moja.

La tatu, njia ya Songea, Mbeya na Kigoma ijaribiwe kwa mwaka mmoja, siku zinazojulikana, kwa mkataba ulio wazi wenye bei yake. Ikishindwa, tutaona namba na tutanyamaza. Mpaka sasa tunanyamazishwa na namba ambazo hazijawahi kutafutwa.

Na kwako wewe unayesoma hapa ukiwa ofisini mjini, uwanja wa ndege uko nusu saa kutoka kwako kama foleni ikikuhurumia. Sisi wa Dar tunaona nchi ni ndogo kwa sababu tumekaa pale mistari yote inapokutana. Kutoka hapa kila mahali ni saa moja, saa mbili. Tunadhani huo ndio ukubwa wa Tanzania. Huo ni ukubwa wa Dar tu. Siku nyingine mtu akikuonyesha simu yake kijiweni, saa 1 na dakika 39, usitikise kichwa kama walivyofanya washikaji wangu. Muulize maswali mawili tu: ndege ipi, siku gani?

Mjomba nilimjibu pale makaburini. Nilimwambia simu haikudanganya, mjomba, ila ilikuwa inazungumzia nchi nyingine. Akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Basi hiyo nchi waturuhusu na sisi tuhamie."

Naachia hapo. Kama nawe umewahi kukwama Dar ukiwa safarini kutoka mkoa kwenda mkoa, niandikie hapo chini: umetoka wapi, ulikuwa unakwenda wapi, na ilikuchukua saa ngapi. Saa, si kilomita. Tuanze kuhesabu wenyewe.